Mchele, Choroko na Kipimo cha Samli

Ibn Battuta hakuwa msafiri wa kula akanyamaza. Aliposhuka Mogadishu mwaka 1331, kabla hajafika Mombasa na Kilwa, alieleza kwa kirefu sinia aliyoandaliwa: wali uliopikwa kwa samli, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi zilizochemshwa kwa maziwa, achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Miaka miwili baadaye, Septemba 1333, alikuwa ukingoni mwa mto Indus akielekea Delhi, ambako Sultani Muhammad bin Tughluq angemfanya kadhi. Katika kuzitaja nafaka za nchi ile akafika kwenye choroko. Wahindi, alisimulia, huzipika pamoja na mchele na kuzila kwa samli. Chakula chenyewe hukiita kishri, na ndicho wanachofungulia kinywa kila siku, kama Wamaghribi wanavyofungua kwa harira.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Pemba hahitaji kuelezwa zaidi: huo ni mseto. Bara Hindi huitwa khichri, khichdi au khichuri, kutegemea umefika upande gani. Una ndugu yake wa vyungu viwili, wali mweupe unaomwagiwa mchuzi wa adesi au mbaazi, ambao Wanepali wengi huula mchana na usiku. Siku Battuta alipoutaja, mlo huo ulikuwa umekwisha kuzeeka.

Anayemtafuta mpishi wa kwanza aliyeubuni atazunguka bure. Mchele na mazao ya jamii ya kunde vilikutanishwa na wakulima, kwa sababu za mvua, udongo na kuni, karne nyingi kabla mtu hajaupa mchanganyiko huo jina. Jikoni hapakuwa na mengi ya kuvumbua. Kilichotofautisha chungu cha nyumba hii na cha nyumba ile, tangu zama za kale hadi za wafalme, kilikuwa hasa kiasi cha samli.

Kila kimoja kilikuja kwa njia yake. Adesi na dengu zililimwa kwanza Asia Magharibi, zikasafiri kuelekea mashariki pamoja na ngano na shayiri hadi zikafika bonde la Indus, ambako wachimbaji wa mambo ya kale huzikuta zimeungua na kubaki makaa. Choroko ni mwenyeji. Ilitolewa porini na kufanywa zao huko huko Bara Hindi, sawa na urad, ndugu yake mweusi, na mbaazi, ambayo asili yake iko mashariki ya nchi hiyo, upande wa Odisha. Huko Karnataka, wafugaji walioacha vilima vikubwa vya majivu ya samadi ya ng'ombe walikuwa wakila choroko zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mchele hawakuwa nao. Walizila na nafaka ndogondogo za jamii ya ulezi.

Mchele wenyewe umegombaniwa na wataalamu kwa miongo mingi, na ugomvi haujaisha. Lahuradewa, katika jimbo la Uttar Pradesh, yamepatikana mabaki ya mchele ya kale sana, lakini kama mpunga ule ulilimwa au uliokotwa tu kwenye madimbwi, hapo ndipo wanapotengana. Rai yenye nguvu, ambayo Dorian Fuller wa London ameitetea sana, ni kwamba mpunga wa Ganges ulivunwa kwa muda mrefu ukiwa bado nusu ya mwitu, hadi ulipochanganyika na mpunga wa Kichina kutoka bonde la Yangtze, kwenye mwaka 2000 KK au karibu na hapo. Kisha ukaja ushahidi wa vijiji vya jirani na mji wa kale wa Rakhigarhi, katika jimbo la Haryana. Watafiti wa Cambridge na wa Chuo Kikuu cha Banaras walichekecha udongo wa Masoodpur na vijiji vingine wakakuta mchele, choroko, urad na nafaka ndogo, vyote vya milenia ya tatu KK, pale pale walipolima ngano na shayiri. Maana yake ni kwamba watu wa ustaarabu wa Indus walikwisha kujua kuvuna mara mbili kwa mwaka, na kwamba mchele na choroko vilikuwa katika ghala moja miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Kama vilikuwa katika chungu kimoja, udongo hausemi. Binafsi sioni kwa nini visingekuwa.

Kilichoviunganisha ni kalenda. Pepo zile za kusi zinazosukuma majahazi kutoka pwani yetu kwenda kaskazini ndizo zinazomwaga mvua India kuanzia Juni. Mpunga hupandwa wakati huo na kuvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Udongo unaobaki baada ya mpunga kukatwa bado una unyevu, haba kwa mpunga mwingine lakini wa kutosha adesi au dengu, ambazo huota kwa unyevu huo na umande wa majira ya baridi, zikavunwa Februari na Machi. Choroko ni nyepesi zaidi. Huchukua siku 60 hadi 70 tu, kwa hiyo hupenyezwa popote penye nafasi, hata katikati ya misimu miwili. Na mizizi ya mimea hii yote ina vifundo vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuiacha ardhini. Mkulima wa zama zile hakulijua neno naitrojeni, ila alikuwa na macho, na mpunga uliofuata baada ya kunde aliuona.

Mwilini nako hadithi ni hiyo hiyo. Protini ya mchele ina upungufu wa laisini. Protini ya kunde ina laisini tele lakini imepungukiwa methionini, ambayo mchele unayo. Mtu asiyekula nyama, kwa dini au kwa umaskini, akila viwili hivyo kwa pamoja anapata karibu kila anachohitaji kujengea mwili. Hili limeandikwa mno siku hizi, mpaka mtu angedhani mababu wa Kihindi walikuwa na maabara. Walichokuwa nacho ni watoto: waliolishwa wali mtupu walidhoofu, na waliolishwa wali na choroko walisimama.

Halafu kuna kuni, ambazo wanahistoria wa chakula huzisahau kwa sababu haziachi maandishi. Choroko zilizopaazwa na kutolewa maganda huiva kwa muda unaokaribiana na wa mchele. Adesi nyekundu vilevile. Kwa hiyo zinaweza kuingia chungu kimoja, juu ya mafiga matatu, na kutoka pamoja. Mbaazi na dengu ni ngumu; ukizitia pamoja na mchele, mchele utakuwa uji kabla zenyewe hazijalainika. Hapo ndipo zilipozaliwa njia mbili. Mwenye moto mmoja alipika khichri kwa choroko. Mwenye kuni za kutosha, au mtu wa kukaa jikoni, alichemsha mbaazi peke yake hadi zikavurugika, akaziunga kwa jira, mvuje na pilipili zilizokaangwa katika samli, akazimwagia juu ya wali. Ukipita Gujarat au Bengal leo, mgawanyo huo bado uko: khichri ni chakula cha jioni ya uchovu, siku ya mvua, au mgonjwa ndani ya nyumba.

Maandishi yanachelewa kuanza, kama kawaida yake. Katika Yajurveda, kwenye dua ndefu ambamo mwombaji anataja kila anachotaka apewe, mchele, choroko, urad, adesi, ufuta, ngano na shayiri vimetajwa kwa mfululizo, kila kimoja kwa jina lake. Hiyo ni orodha ya ghala la mtu mwenye kujiweza, takriban miaka 3,000 iliyopita. Baadaye vitabu vya Kisanskriti vinazungumzia krisara, mchele uliopikwa na ufuta au na kunde, na humo ndimo wataalamu wa lugha wanamoona mzizi wa neno khichri. Charaka, ambaye kitabu chake cha utabibu ni msingi wa Ayurveda, aliupa mchele mwekundu nafasi ya kwanza miongoni mwa nafaka, na choroko nafasi ya kwanza miongoni mwa kunde. Urad aliitia mkiani. Mpaka leo bibi wa Kihindi akimpikia mgonjwa hatafikiria kingine ila mchele na choroko, bila kumtaja Charaka wala kumjua.

Wageni ndio waliotuachia picha zilizo hai. Megasthenes, balozi wa Kigiriki aliyekaa Pataliputra kwenye mwaka 300 KK, aliona kila mlaji akiwekewa meza yake, na juu yake bakuli la dhahabu: kwanza wali, halafu vitoweo vingi vya Kihindi vikimwagwa juu. Alikuwa karamuni kwa wakubwa, kwa hiyo hatusikii wapagazi walikula nini.

Mwaka 1443 akaja Abdur Razzaq wa Samarkand, mjumbe wa Shah Rukh, katika mji wa Vijayanagara, kusini. Yeye khichri aliikuta kwa ndovu. Walipikiwa, chakula kikatiwa chumvi na sukari, kikafinyangwa mabonge makubwa, yakachovywa katika siagi na kutiwa vinywani mwao na watunzaji. Anasimulia kwamba kiungo kimoja kikisahauliwa ndovu humrukia mtunzaji wake, na mfalme humwadhibu mtu huyo. Kama miaka 30 baadaye, mfanyabiashara wa Kirusi Afanasy Nikitin, aliyefika nchi ya Wabahmani huko Deccan akiwa na farasi wa kuuza, aliandika kwamba farasi nao walilishwa khichri yenye sukari na siagi. Wanyama wa vita walikuwa mali ya dola, na dola haikuwabania samli.

Sasa linganisha na binadamu. Francisco Pelsaert, Mholanzi aliyeendesha biashara ya kampuni yake Agra katika miaka ya 1620, aliwatazama vibarua na mafundi wa mji ule tajiri, akaandika kwamba chakula chao cha siku zote ni khichri kidogo tu ya kunde za kijani na mchele, iliyochemshwa kwa maji juu ya moto mdogo hadi maji yakauke, wakaila jioni ikiwa moto na siagi. Mchana walitafuna punje za kukaanga. Mfaransa Jean-Baptiste Tavernier, mfanyabiashara wa vito, alikuta jambo hilo hilo kwa askari na maskini, na akaongeza kwamba siagi huwekwa kando, mlaji akachovya ncha za vidole tu.

Katikati ya wawili hao na wale ndovu anakaa Mfalme Akbar. Waziri wake Abu'l Fazl, katika Ain-i-Akbari ya miaka ya 1590, aliandika vipimo vya jiko la kasri. Khichri imo katika kundi la vyakula visivyo na nyama, ambavyo Akbar alivila siku alizojizuia: mchele ser 5, kunde zilizopaazwa ser 5, samli ser 5, chumvi theluthi ya ser, na hapo zinapatikana sahani 7. Ser ya Akbar ilizidi nusu kilo kidogo. Isome tena hesabu hiyo. Samli ina uzito sawasawa na mchele. Mfalme alijinyima nyama, lakini chungu kilikuwa kinaogelea katika mafuta. Toba ya namna hii wengi wangeiweza.

Pengine ndiyo maana khichri iliingia katika hekaya za Akbar na Birbal, waziri wake mjanja, ambazo aliyekua na hadithi za Abunuwasi atazisoma kama za nyumbani. Maskini mmoja aliahidiwa zawadi akikesha ndani ya maji ya baridi. Akakesha. Mfalme akamnyima, kwa hoja kwamba aliitazama taa ya mbali usiku kucha na kuota joto lake. Birbal akaacha kwenda barazani, akitoa udhuru kwamba khichri yake haijaiva. Mfalme alipokwenda kumtazama akakuta chungu kimetundikwa juu ya mti na moto uko chini kabisa. Birbal angeweza kuchagua chakula chochote. Alichagua kile ambacho maskini wa hadithi na mfalme wa hadithi wote wawili walijua kinachukua muda gani kuiva.

Jahangir, mwana wa Akbar, alikwenda mbali zaidi. Akiwa Gujarat mwaka 1618 alionjeshwa khichri ya wenyeji, isiyo na mchele hata punje, bali uwele uliopikwa na kunde. Aliipenda, akaamuru aletewe mara kwa mara siku za kutokula nyama. Uwele huo asili yake ni Afrika, upande wa Saheli. Ulivuka bahari na kuingia India zaidi ya miaka 3,000 kabla Jahangir hajaketi kitini. Hata Aurangzeb, mjukuu wa Akbar wa kizazi cha tatu, anayesifika kwa ukavu wake, alimwandikia mwanawe barua akiikumbuka khichri na biriani aliyomlisha majira ya baridi.

Nje ya kasri kila nchi iliichukua kwa namna yake. Uttar Pradesh huipika katikati ya Januari, jua linapoanza kurudi kaskazini, na siku hiyo watu humiminika hekalu la Gorakhnath, mjini Gorakhpur, wakitoa sadaka ya mchele na kunde. Watamil kwa majira hayo hayo hupika pongal; ya chumvi ina mchele mpya, choroko, pilipili manga na samli. Karnataka hutia ukwaju na mbaazi. Gujarat huila laini, pamoja na mchuzi wa mtindi, na ndivyo ilivyohamia katika nyumba za Wagujarati wa Zanzibar na Mombasa.

Bengal ndiyo iliyoipenda kuliko wote. Mvua ikishika huko, soko hufurika, kuni hulowa, na mama wa nyumbani hutafuta kitu cha chungu kimoja. Choroko hukaangwa kavu kwanza mpaka zinukie, ndipo mchele unafuata, na anayejiweza hukaanga samaki wa ilish pembeni. Katika sikukuu ya Durga khichuri hutolewa hekaluni bila kitunguu wala kitunguu saumu. Hapo pia kuna upande mchungu. Adesi nyekundu ilihesabiwa kuwa na asili ya nyama, hivyo mjane wa Kihindu wa tabaka la juu aliyekatazwa samaki alikatazwa na adesi pia, akabaki na choroko maisha yake yote. Mlo wa watu wote, kumbe ulikuwa na milango yake. Mafuriko yakija, milango hiyo hufunguka: masufuria makubwa ya khichuri hutandazwa kwenye viwanja vya shule kwa kila aliyepoteza nyumba.

Wapo waliofika kwenye jambo hili kwa njia yao wenyewe. Kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 kina mujaddara, mchele na adesi kwa nyama, na Waarabu wa Shamu bado wanaipika, leo kwa vitunguu vya kukaanga. Mayahudi wa Iraq walikuwa na kichri yao ya adesi nyekundu. Waingereza walirudi kwao na kedgeree, wakatupa kunde, wakatia samaki wa moshi na mayai ya kuchemsha, wakakiita kifungua kinywa. Walichobakiza ni jina. Upande wetu, wachimbaji wamekuta katika visiwa vya Komoro mabaki ya mpunga na choroko ya karne ya 8 hadi ya 10, wakati pwani ya bara bado ilitawaliwa na mtama, uwele na kunde. Wanaodhaniwa kuvileta si Wahindi, ni mabaharia wa Kusini-Mashariki ya Asia, watu wale wale waliojenga Madagaska. Mchele na choroko, kwa maneno mengine, vilikuwa na desturi ya kusafiri pamoja hata walipobadilika wabebaji.

Karne ya 20 ndiyo iliyovitenganisha. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 serikali ya India ilisukuma mbegu mpya za ngano na mpunga, mbolea, visima, na bei ya uhakika ambayo mkulima alilipwa na shirika la umma. Njaa ilirudi nyuma, na hilo si dogo. Lakini kunde hazikupata bei ya namna ile. Zilihamishiwa kwenye mashamba yasiyo na maji ya kumwagilia, na kalenda ile ya zamani ikakatwa. Mwaka 1951 kila Mhindi alikuwa na wastani wa gramu 60 za kunde kwa siku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa karibu 35. Wali ulibaki sahanini, mchuzi ukawa mwepesi.

Novemba 2017, wapishi wakiongozwa na Sanjeev Kapoor walipika Delhi khichdi ya kilo 918 ili kuvunja rekodi ya dunia. Uvumi ulienea kwamba itatangazwa chakula cha taifa, mpaka waziri Harsimrat Kaur Badal akakanusha. Miezi mitatu tu kabla ya chungu hicho, Agosti, serikali hiyo hiyo ilikuwa imeweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje. Miaka miwili nyuma, ukame ulipopandisha kilo ya mbaazi hadi karibu rupia 200, wafanyabiashara walizitafuta kila mahali, na wakulima wa Lindi, Mtwara, Manyara na wa Msumbiji waliitikia kwa kupanda zaidi. Mvua zilipowarudia Wahindi, soko lilifungwa na bei huku ikaanguka na magunia yakiwa ndani.

Mwaka 2021 India iliwafungulia tena, ikatia saini na Msumbiji na Malawi mikataba ya kununua kiasi maalumu kila mwaka. Kunde zake yenyewe bado hazitoshi. Mbaazi za Afrika Mashariki huvunwa kati ya Julai na Oktoba, na za India hazianzi kuingia sokoni hadi Desemba, kwa hiyo katika miezi hiyo ya katikati, ghala la Mumbai linapopungua, ni meli za kutoka Dar es Salaam, Mtwara na Nacala zinazopeleka kile kinachomwagwa juu ya wali.